UZI: Kuanza kazi ya caregiver Nakuru, Kisumu na Magharibi. Jifunze kazi kabla ya kulipia safari

MhudumuLanet (mwanzisha uzi)

Napata ujumbe wa faragha kutoka kwa vijana wengi, na swali huwa lile lile: "Dada, nilipe ngapi ndiyo nipate kazi ya caregiver ng'ambo?" Nimeona nijibu hapa hadharani ili kila mwenye swali hilo asome.

Kabla hujamlipa wakala, kabla hujachukua mkopo wa chama au kumwomba baba auze ng'ombe, hakikisha kwanza kwamba kazi hii unaiweza na unaipenda. Njia ya kuhakikisha iko hapa hapa. Kuna wazee waliopata stroki (kiharusi) wanaorudishwa nyumbani kutoka PGH, hospitali kuu ya Nakuru, kutoka hospitali ya Jaramogi tunayoiita Russia pale Kisumu, kutoka hospitali kuu ya Kakamega, na watoto wao hawajui hata namna ya kuwageuza kitandani. Kazi ipo. Mtu aliyefunzwa vizuri ndiye anayekosekana.

Mimi hufanya kazi hii Nakuru. Nilianza kwa kuhudumia wazee majumbani kwao, sasa niko kwenye makao ya wazee, na wanaoanza kazi huletwa kwangu niwaonyeshe. Nitaandika kidogo kidogo, ulizeni.

Kazi yenyewe ni kumsaidia mtu kwa mambo ambayo mwili wake haumruhusu tena kuyafanya peke yake: kuoga, kuvaa, kula, kwenda haja, kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kutembea. Unapima joto, mapigo ya moyo, pumzi na presha, na unaandika. Ukiwa kwenye makao, kumbuka kwamba pale ni nyumbani kwa yule mzee. Unabisha hodi hata kama mlango uko wazi. Unamwambia unachotaka kufanya kabla hujamgusa. Unamwita vile anavyopenda kuitwa. Wengine ni Shosh au Guka, wengine Dani, Kukhu, Kogo, yaani bibi au babu kwa lugha zao, na wapo wanaotaka Mwalimu kwa sababu walifundisha miaka mingi na jina hilo ni heshima yao.

MhudumuLanet

Naendelea. Asubuhi ndiyo shule ya kazi hii, kwa hivyo nitakaa hapo.

Chukua mzee aliyepooza mkono na mguu wa kushoto. Ukimvua shati, unaanza na mkono ule mzima. Ukimvalisha, unaanza na ule uliopooza. Ukifanya kinyume utauvuta mkono usio na nguvu na kumuumiza begani, na bega la mtu wa stroki likishaumia huchukua muda mrefu kupona. Ukimhamisha kwenda kwenye kiti cha magurudumu, kiti kinakaa upande wake wenye nguvu, breki zimefungwa, vikanyagio vimeinuliwa, miguu yake imegusa sakafu. Unamwambia, "Tunasimama nikifika tatu," na unahesabu kweli ili asaidie kwa nguvu alizo nazo. Akitembea, wewe unasimama upande ule dhaifu, nyuma yake kidogo. Mgongo wako nao ulinde: kunja magoti, usiiname kutoka kiunoni. Nimeona watu wazuri wakiacha kazi hii mapema kwa sababu ya mgongo.

Maji ya kuoga unayapima kwa kiwiko au kwa ndani ya kifundo cha mkono, kisha naye unamwachia aguse. Unaanza na uso, sehemu za siri unazimalizia mwisho kwa maji mapya, na mama unamfuta kutoka mbele kwenda nyuma ili asipate maambukizi ya mkojo. Sehemu usiyoiosha inabaki imefunikwa. Mzee wa miaka 80 hajaacha kuona aibu eti kwa sababu ni mgonjwa.

Wakati wa kuoga ndipo unapoikagua ngozi. Tazama visigino, nyonga, viwiko, kisogo na pale juu ya makalio mfupa unapoishia. Vitabu vingi husema utafute wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Tafuta mahali palipokuwa peusi zaidi au pa zambarau, kisha gusa: pamepata joto? pamekuwa pagumu, au laini kupita kawaida? Hapo kidonda kinaanza. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na aliyekaa kwenye kiti anahitaji kusogezwa mara nyingi zaidi ya hapo. Usimburute kwenye shuka. Mnyanyue, mkiwa wawili, kwa shuka ndogo iliyolazwa chini yake.

Wenye kisukari, angalia miguu kila siku hadi katikati ya vidole. Mafuta paka mguuni lakini katikati ya vidole pakae pakavu. Kucha zao usizikate wewe, mwachie muuguzi.

KijanaLurambi

Asante sana dada kwa uzi huu. Mimi ni mwanaume, miaka 24, niko Kakamega. Nilimhudumia kuka (babu) wetu mpaka mwisho kwa hivyo hayo ya kuosha hayanitishi. Shida ni kwamba kila nikiuliza kazi naambiwa wanataka msichana. Kuna nafasi kweli kwa wanaume?

MhudumuLanet

Ndugu yangu, ipo, na ni kubwa kuliko unavyofikiri. Wazee wengi wa kiume hawataki kuoshwa na msichana wa umri wa mjukuu wao. Kwa baadhi ya jamii za huku ni aibu kubwa, na mzee anaweza kukataa kuoga siku nyingi familia ikidhani ni ukaidi. Akija kijana wa kiume, anakubali. Kuna pia wazee wazito ambao msichana mmoja hawezi kuwainua salama.

Usiulize tu "mna kazi?" Ukienda kwa familia au kwenye makao sema, "Nimemhudumia mzee wa kiume aliyelala kitandani, najua kugeuza, kuosha, kulisha na kutunza katheta, ule mrija wa mkojo." Kisha uwe na mtu wa kulithibitisha hilo: mjomba, mchungaji, au muuguzi wa zahanati aliyekuwa akija nyumbani. Kuka wako alikuachia ujuzi ambao mwenye cheti kitupu hana.

NesiMamboleo

Mimi ni muuguzi Kisumu, naomba niongeze mawili matatu kwa sababu wagonjwa tunaowaruhusu kwenda nyumbani wakiwa wazuri hurudi wodini kwa makosa yanayozuilika.

La kwanza ni kulisha. Mtu wa stroki asilishwe akiwa amelala. Akae wima, kidevu kikielekea chini kidogo, kijiko kidogo, na usubiri ameze ndipo uongeze kingine. Chai na maji vinaweza kumpalia kirahisi kuliko uji mzito, na watu wengi hilo huwashangaza. Chakula hujificha kwenye shavu la upande uliopooza, kwa hivyo tazama mdomoni baada ya kula. Aendelee kukaa wima kama nusu saa. Akikohoa kila akimeza, au sauti ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, acha kulisha na utuite. Chakula kikiingia kwenye mapafu kinaleta nimonia, na nimonia huua wazee wengi.

La pili, presha. Mzee apumzike ameketi dakika tano, miguu chini, mkono umeegemezwa usawa wa moyo, mkanda ufungwe kwenye ngozi na si juu ya sweta, na msizungumze mashine ikipima. Naletewa daftari lenye namba za kutisha kumbe mzee alipimwa akitoka tu chooni.

La tatu nalisema kwa uzito wote. Caregiver si muuguzi. Wauguzi husajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya na wana leseni. Wewe unaweza kumkumbusha mzee dawa alizoandikiwa, ukamletea maji, ukatazama kama amemeza, ukaandika saa. Usipunguze dozi, usiongeze, usichome sindano kwa sababu binti yake ameomba kwa simu kutoka Nairobi. Ukiona mdomo umepinda ghafla, mkono mmoja umeanguka, maneno yamevurugika, hiyo ni stroki: hospitali mara moja, na uandike saa ulipoona. Saa hiyo ndiyo daktari atakayoiuliza kwanza.

MhudumuLanet

Asante Sista. Hilo la kuandika ndilo ninalolisisitiza kuliko yote kwa wanaoanza. Ukimwona mzee kila siku, wewe ndiye wa kwanza kujua kwamba leo si kama jana. Daktari humwona kwa dakika chache.

Makaoni tulikuwa na mama mmoja msemaji sana, kila asubuhi lazima atoe habari za watoto wake wote. Asubuhi moja akaamka hajui yuko wapi, akamwita mhudumu kwa jina la dada yake marehemu. Watu walisema ni uzee umempanda. Yule mhudumu, msichana mgeni kabisa kazini, aliandika: jana alikunywa vikombe viwili tu, mkojo ni wa rangi nzito na una harufu, joto limepanda. Muuguzi alipoyasoma akaagiza mkojo upimwe, ukakutwa na maambukizi. Alitibiwa, na akili ikarudi. Kwa mzee, kuchanganyikiwa kwa ghafla mara nyingi ni dalili ya ugonjwa unaotibika, na aliyeokoa siku ile ni mwenye kalamu.

Andika ulichoona, si ulichodhani. Usiandike "alikuwa mkorofi." Andika "alikataa kuoga saa mbili asubuhi, alisema ana baridi, alikubali saa tano." Namba, saa, maneno yake mwenyewe.

Chebet_Njoro

Swali la kozi. Nimeona matangazo mengi mjini Nakuru: wiki mbili, miezi mitatu, miezi sita, kila mmoja anasema cheti chake kinakubalika ulimwengu mzima. Nitajuaje?

MhudumuLanet

Chebet, anza na TVETA. Ndiyo mamlaka iliyoundwa na sheria ya mafunzo ya kiufundi ya 2013, na chuo lazima kiwe na leseni yake. Orodha ya vyuo iko wazi, tafuta jina la chuo, tena la tawi lile lile utakalosomea. Uliza pia mtihani unatungwa na nani: TVET CDACC (baraza la mitihani ya vyuo vya kiufundi), NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani), au ni wao wenyewe? Cheti cha ndani cha chuo si kibaya ikiwa mafunzo ni mazuri, lakini ulipe ukijua.

Kisha omba kuingia darasa la vitendo. Je, kuna kitanda? Kiti cha magurudumu? Mashine ya presha inayofanya kazi? Je, watakupeleka kwenye wodi au makao ukae huko wiki kadhaa chini ya mtu mwenye uzoefu? Chuo ambacho kila kitu ni noti za kuandika kutoka ubaoni, wewe ondoka. Hakuna aliyejifunza kumgeuza mtu kwa noti.

Huduma ya kwanza unaweza kuisomea kwa Msalaba Mwekundu wa Kenya, ni mafunzo mafupi. Cheti cha tabia njema omba mapema kwa eCitizen, kwa sababu familia makini na makao makini watakiuliza.

Na ulizeni pia kwa Nakuru Hospice au Kisumu Hospice, wanaohudumia wenye magonjwa yasiyopona, kama wana nafasi ya kujitolea. Huko utajifunza kukaa na mtu mwenye maumivu makali bila kukimbia, na hilo hakuna darasa linalokupa kikamilifu.

Mkenya_Lowell

Nawasalimu kutoka Massachusetts. Mji wetu wa Lowell una Wakenya wengi na wengi wetu tuko kwenye kazi hii hii. Niseme ya huku ili mtu asidanganywe.

Huku kuna vyeo vingi kwa kazi inayofanana. Kwenye nyumba za uuguzi mhudumu lazima awe amesoma na kufaulu mtihani wa kuandika na wa vitendo, kisha jina lake liingie kwenye rejista ya jimbo. Sheria ya taifa ya 1987 inataka angalau saa 75 za mafunzo, na majimbo mengine yameongeza. California ni saa 160. Kwenye makazi ya wazee ambao bado wanajiweza kiasi, wanakotafuta wahudumu wa wakazi, kila jimbo lina masharti yake, na mara nyingi mwajiri mwenyewe anakufunza. Kwa hivyo cheti cha Nakuru hakikufungulii mlango moja kwa moja, utasoma upya. Ila ule ujuzi wa mikono unabaki nao, na siku ya mtihani wa vitendo utaona tofauti yako na wengine.

Jambo la pili ni viza. Wakenya ninaofanya nao kazi walifika kwa familia, kwa green card au kwa masomo, halafu wakaanza kazi hii wakiwa tayari huku. Mtu akikuambia ana viza ya caregiver wa Marekani ya mwezi ujao, funga mkoba wako.

KijanaLurambi

Na Uingereza je? Kuna wakala hapa anasema bado anapeleka watu.

MhudumuLanet

Ndugu, soma hili polepole. Uingereza ilizuia wahudumu wapya kwenda na wake, waume na watoto wao kuanzia Machi 11, 2024. Kisha Julai 22, 2025 ikafunga kabisa njia ya kuajiri wahudumu wapya wa wazee kutoka nje ya nchi. Wauguzi wenye usajili ni habari nyingine. Kwa hivyo anayekuuzia nafasi ya caregiver Uingereza leo anakuuzia kitu ambacho hakipo. Hata njia ilipokuwa wazi, sheria ya huko ilikataza wakala kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi, na bado kuna familia za huku Magharibi zilizouza shamba kulipia karatasi.

Ujerumani iko wazi zaidi, ila inataka subira. Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamaji na ajira Septemba 13, 2024 pale Berlin. Njia inayowafaa wengi ni kusomea uuguzi huko huko kwa miaka mitatu, ukilipwa posho ukiwa mwanafunzi. Lakini lazima ujue Kijerumani, kiwango cha B1 (cha kati) kwa uchache, na waajiri wengi wanataka B2. Lugha hiyo inataka miezi mingi ya kusoma kweli kweli. Unaweza kuisoma jioni ukifanya kazi hapa mchana, na nina wenzangu wanaofanya hivyo.

Wakala yeyote, wa nchi yoyote, mtafute kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Kama hayupo hapo, mazungumzo yameisha.

BintiMilimaniKisumu

Mimi niko upande wa pili, nimeajiri. Mama yangu ana tatizo la kusahau, na kupata mtu anayekaa ni vigumu. Nataka kujua, ni haki nimwambie caregiver afue nguo za nyumba nzima na apikie watoto? Na mshahara wa haki ni upi?

MhudumuLanet

Dada, asante kwa kuuliza kabla ya kuajiri tena. Nguo za mama, chakula cha mama, chumba cha mama, hizo ni kazi za mhudumu wake. Nguo za nyumba nzima ni kazi ya mtu mwingine. Aliye kwenye karai nyuma ya nyumba hawezi kumwona mama akifungua geti, na mtu mwenye tatizo la kusahau anaweza kupotea kwa dakika chache.

Usiku pia ni kazi. Wenye ugonjwa huu huwa wanahangaika zaidi jua likizama, wengine hawalali. Ukimtaka mhudumu aamke na mama usiku na bado awe macho mchana kutwa, atachoka, na aliyechoka anakuwa mkali. Tafuta wawili wapokezane, au ndugu washike usiku fulani. Hapo ndipo wengi huondoka, si kwa sababu ya mama.

Kuhusu sheria: kazi ya miezi mitatu au zaidi inataka mkataba wa maandishi, hiyo ni Sheria ya Ajira ya 2007. Siku moja ya mapumziko kwa kila saba, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, michango ya NSSF (akiba ya uzeeni) na SHA (bima ya afya). Amri ya mishahara ya Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani mjini Kisumu kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi. Hicho ni cha asiye na ujuzi maalum, wala hakijahesabu kugeuza mtu saa nane usiku. Aliyesomea na mwenye uzoefu anastahili zaidi, na nawaomba wanaoanza wasikubali kushuka chini ya hapo eti kwa sababu ni "msaada kwa familia."

Mama akikuuliza tena na tena wapi baba, naye baba alishafariki, usimpe habari za msiba upya kila mara. Atalia kama ni mara ya kwanza. Muulize, "Unamkumbuka? Alikuwa akipenda nini?" Mwache asimulie.

NesiMamboleo

Hapo umenena. Na mhudumu apewe namba ya daktari na ya ndugu anayepokea simu saa yoyote, iandikwe ukutani.

Nafula_Webuye

Nimesoma yote. Nilipata D ya kujumlisha KCSE, nimekaa nyumbani Webuye namsaidia kukhu. Je, na mimi ninaweza? Naogopa kuambiwa alama hazitoshi.

MhudumuLanet

Nafula, unaweza. Kwa uuguzi alama hizo hazitakufikisha moja kwa moja, diploma ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, inataka C. Lakini kozi nyingi za uhudumu hazidai alama hizo. Wanachotaka ni usome na kuandika vizuri, uwe na afya, uwe na subira na uwe mwaminifu. Ukishafanya kazi na kuweka akiba, ngazi za TVET zinakuruhusu kupanda hatua kwa hatua.

Anza leo na kukhu. Nunua daftari. Kila siku andika alichokula, alichokunywa, choo, ngozi, usingizi, presha kama kuna mashine kwa jirani. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu akipita, hasa hawa waliopewa mikoba ya vifaa 2023, muombe akuonyeshe kupima vizuri na akusahihishe. Fanya hivyo mwezi mzima, kisha piga picha kurasa kadhaa, ziba jina la kukhu, na umwombe ruhusa kwanza. Nitumie kwa faragha. Makao yetu huchukua wanaojifunza kila tunapopata nafasi, na mtu mwenye daftari la namna hiyo nitampeleka mwenyewe kwa msimamizi.